Sanduku la vitenge halipungui? Mpe rafiki yako mkasi

Dada uliyeuliza ufanye nini na sanduku la vitenge, nyuzi na vifungo ulivyonunua miaka yote hiyo na hujavigusa, nimeona wengi wamekushauri uvipange kwa rangi na uviandike kwenye daftari. Kupanga kunakuonyesha ulicho nacho, ila hakupunguzi kitu. Mimi kilichonisaidia ni kukaa chini na rafiki yangu, kila mmoja akakata vya mwenzake.

Naishi Mwanga, Kigoma mjini, yeye yuko Ujiji. Sisi wa mwisho wa reli kitambaa hakitupigi chenga: vitenge vinavuka ziwa kutoka Kongo, vingine vinaletwa na wafanyabiashara wa Burundi, vingine vinatoka Dar. Tatizo ni kwamba ukipenda ua fulani ukasema utarudi mwisho wa mwezi, ukirudi halipo. Kwa hiyo mtu ananunua pisi nzima, yadi 6. Gauni linakula tatu au nne, zilizobaki zinaingia sandukuni. Weka juu yake sare za harusi, maana kila harusi na kitenge chake, na ukoo wetu una harusi nyingi. Hapo bado sijataja nyuzi za kufumia.

Watu wanadhani vitu hivi vinakaa kwa uvivu. Si kweli. Vinakaa kwa sababu kila kipande kina mtu ndani yake. Nilikuwa na kitenge cha buluu na manjano alichoniachia shangazi yangu, Mungu amrehemu, na kila nikikishika nilikirudisha. Rafiki yangu alipokitoa akaniuliza, "Hiki unamtunzia nani?" Nikamwambia cha shangazi. Akasema, "Shangazi ana mabinti, nao wana nyumba." Akakikata palepale, tukashona foronya za mito ya kochi, na leo zipo kwa binamu zangu wote. Mmoja akija mgeni anamwonyesha: hiki kitenge cha mama. Kingebaki kwangu, wasingekiona kamwe.

Ndiyo maana nasema rafiki ndiye ashike mkasi. Yeye anaona rangi na ukubwa, wewe unaona marehemu na pesa uliyolipa. Sisi tuna sharti moja: mwenye sanduku anaruhusiwa kuzuia vipande vitatu, vingine vyote mwenzake anaamua. Na tafuta rafiki ambaye macho yake si kama yako. Mimi napenda rangi za kuwaka, yeye anapenda kahawia na nyeusi, na kila siku anaunganisha vitu ambavyo mimi nisingeviweka meza moja, na vinapendeza.

Kabla ya kukata, tenganisheni pamba na poliesta. Chomoa nyuzi chache pembeni uziwashe juu ya sahani: pamba inanukia karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Ukizichanganya kwenye blanketi moja, pamba itarudi ikifuliwa, poliesta haitarudi, na kazi yote itakunjamana. Pamba zote zifueni kwanza na muzipige pasi, hata kama ni mpya dukani. Kitenge cha waksi utakijua kwa kuwa rangi imekolea pande zote mbili. Kile kilichochapwa upande mmoja kina nyuma iliyopauka, hicho kipe kazi ambayo nyuma haionekani.

Khanga nazo zina utaratibu wake. Usizikate ovyo ovyo. Khanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na jina lake chini. Sisi tunakata jina lote zima na kuliweka katikati ya mto, kisha pindo linakuwa ukingo. Ukikata jina vipande viwili, umeua khanga, na mtu yeyote wa Ujiji akiingia sebuleni kwako atakuuliza ulikuwa unafanya nini.

Kitu kinachomaliza vipande vidogo kuliko vyote ni blanketi la mtoto la viraka. Kata kipimo cha boksi gumu, inchi 6 kwa 6, wote wawili mtumie kilekile. Ukiacha robo inchi kila upande ya mshono, kiraka kinabaki inchi 5 na nusu. Viraka 80, yaani 8 kwa 10, vinakupa inchi 44 kwa 55, na mtoto analitumia mpaka anaanza shule. Pangeni juu ya mkeka kwanza, msimame muangalie kwa mbali, mbadilishane mawazo. Hapa ndipo raha ya kuwa wawili ilipo. Ukiwa peke yako utapanga na kupangua mpaka jioni. Chini tunaweka shuka lililozeeka lakini halijachanika, maana limeshalainika. Mmoja anapiga bandi kwa mkono, yaani mshono wa muda wa kushikiza tu, mwingine yuko kwenye cherehani ya miguu, kwa hiyo hata umeme ukikatika kazi inaendelea.

Uzi wa cherehani uliokaa miaka uvute kwa mikono miwili kabla ya kuuamini. Ukikatika kirahisi, usiushonee. Utumie kupigia bandi tu, si utachomolewa. Sindano namba 14 inatosha vitenge, lakini mkianza kutumia jinzi za zamani wekeni 16.

Vitenge vya rangi nzito, bluu ya giza, kahawia, tunafanya aproni. Sisi tunaopikia mawese tunajua doa lake lilivyo gumu kutoka, na mgebuka, samaki wetu wa ziwani, ukirusha mafuta haukuulizi umevaa nini. Aproni ya viraka vya giza inaficha yote hayo, na inachukua vipande virefu vyembamba visivyofaa kwingine.

Nyuzi za kufumia ni rahisi. Zilizo nyembamba unganisha mbili uzifume pamoja kwa kroshia, vitambaa vya makochi vinatoka na rangi mbilimbili. Vifungo visivyo na mwenzake vinafaa mgongoni mwa foronya, pale ambapo haviangaliwi.

Vinavyobaki, vile vya ukubwa wa kidole na mabaki ya poliesta, vikatekate ujazie mito ya kukalia chini. Usijaze foronya moja kwa moja, shona mfuko wa ndani wa shuka la zamani, ili siku ya kufua utoe mfuko na foronya ifuliwe peke yake. Mto mmoja unameza vipande vingi kuliko unavyofikiri, ila unakuwa mzito, kwa hiyo usiufanye mkubwa.

Umeuliza pia kama rafiki asiyejua kushona anafaa. Anafaa kabisa. Kukata kwa kipimo, kupiga pasi, kuchambua vifungo, kupanga viraka, yote hayo hayahitaji cherehani, na ndiyo yanayokula muda. Mshono unaweza kumpelekea fundi wa mtaani akauvuta kwa cherehani yake siku moja, mkiwa mmeshapiga bandi.

Jambo la mwisho mliseme mapema, kabla mkasi haujagusa kitambaa: kitu kikishakamilika ni cha nani. Kwetu ni cha aliyekishona, isipokuwa mwenye kitambaa awe amekiomba kabla hakijakatwa. Akiomba baada ya kukiona kimependeza, anafumiwa kitambaa cha kochi, basi.