Mkuu, usitume hiyo DNA!

Simama hapo hapo. Umesema unatafuta faji (virusi wanaoua bakteria): umechota maji ya Mto Mirongo, ukachuja, ukadondoshea juu ya bakteria wa E. coli, doa likang'aa, na Jumatatu unatoa DNA uitume ikasomwe mpangilio wake. Usithubutu!

Doa la kudondoshea halithibitishi kitu. Sumu ambazo bakteria hurushiana wenyewe kwa wenyewe hutoa doa lile lile, na klorofomu (ile dawa ya kuua bakteria kwenye sampuli) ikibaki nayo inaua. Tuseme ni faji kweli, nani kakwambia yuko peke yake? Maji machafu ni daladala ya Buhongwa jioni, mkuu.

Mimi niliona kwa macho yangu nikapuuza. Sahani moja ya bakteria, matundu (pale faji walipowaua bakteria) mengine makubwa kama punje ya mtama, mengine ncha ya pini. Nikamuuliza jamaa mmoja aliyejiita mtaalamu, akacheka: "Hayo madogo bado machanga, yatakua." Sijui alidhani ni sato wa kwenye vizimba! Nami mjinga nikakwangua yote pamoja, nikakuza, nikatoa DNA, nikalipia kwa hela ya pikipiki niliyouza. Majibu yakaja na jenomu mbili, yaani DNA kamili za faji wawili: moja jozi besi (herufi za DNA) kama 170,000, ukoo wa faji aitwaye T4, nyingine kama 40,000, ukoo wa T7. Miezi minne nilikuwa nimepima anaua bakteria gani na anavumilia joto gani. Yote jalalani, maana sikujua nani kafanya nini. Msimamizi akauliza, "Sasa faji wako ni yupi?" Nikamjibu ni mapacha. Hakucheka.

Tundu moja, mara tatu. Tafuta lililojitenga, lichome kwa ncha ya pipeti, liloweke kwenye bafa (kimiminika cha kuwatunza faji), zimua mara 10, tena mara 10, mpaka sahani itoe matundu ya kuhesabika. Changanya na bakteria wapya kwenye agari laini (jeli ya kukuzia bakteria; isiwe ya moto, utawapika), mwaga juu ya sahani. Kesho chagua moja tena. Keshokutwa tena. Bado yanatoka saizi mbili? Endelea kurudia. Na kila siku weka sahani ya bakteria watupu. Ikitoboka nayo, ujue faji kaingia kwenye bakteria au vifaa vyako, na huwezi kusema matundu yako yametoka Mirongo.

Uliuliza pia habari za chujio: mikroni 0.22 inatosha. Mengine nimeyasahau, hasira zimenipanda upya. Tupia picha ya sahani hapa kabla ya Jumatatu, na usiniletee ya doa.