Banda zima linahama: mafundi wanajibu

SWALI: Ndugu mafundi, nina banda la mbao la mita 4 kwa 6, lenye sakafu ya mbao na paa la bati, limekaa juu ya matofali. Kona moja imedidimia karibu sentimita 8 na mlango haufungi tena. Nimemwaga jamvi jipya la zege mita 9 kutoka hapo. Ardhi ni tambarare, ila uso wa jamvi uko sentimita 15 juu yake. Nina watu sita wa kunisaidia. Tulibebe, tuliburute, au tulibomoe na kulijenga upya?

JIBU: Msilibomoe, na kulibeba msijaribu. Banda la ukubwa huo likiwa tupu lina uzito wa karibu tani 2, yaani zaidi ya kilo 330 kwa kila mtu wenu. Kuliburuta kutaing'oa sakafu. Livingirisheni juu ya mabomba ya chuma. Yakipita juu ya mbao ngumu zilizonyooka, nguvu ya kuvuta inashuka hadi kilo 100 au chini yake, na winchi moja ya mkono inaiweza.

Kinachoua mabanda wakati wa kuhama ni kusokotwa. Kona moja ikipanda na ya pili ikabaki, misumari inaachia kwenye maungio, mbao za ukuta zinapasuka, na pembe za banda hazirudi tena kuwa mraba. Kila tunachosema hapa chini kinazuia hilo.

Kwanza toeni kila kitu ndani, pamoja na rafu na vioo vya madirisha, na kama kuna umeme ukatwe na waya uondolewe. Kisha chokonoeni mbao zote za chini kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila kusukumwa sana, ubao huo umeoza au umeliwa na mchwa, nao ubadilishwe kabla jeki haijaguswa.

Sasa lisawazisheni hapo hapo lilipo. Inueni kona iliyodidimia milimita 10, subirini dakika kadhaa mbao zitulie, kisha 10 nyingine, mpaka pima maji iseme sawa. Mtasikia mbao zikilia taratibu, na hilo ni la kawaida; mlio mkali wa kukatika ni wa kusimama na kutafuta chanzo. Pimeni kona hadi kona pande zote mbili: kwa mita 4 kwa 6 jibu ni mita 7.21 kila upande. Baada ya hapo ndipo mpigilie mbao za inchi 2 kwa 4 kwa mshazari ndani ya kila ukuta, na ubao mmoja ukatize sehemu ya chini ya uwazi wa mlango. Wengi hupigilia mishazari kabla ya kusawazisha, na hivyo hulifunga banda likiwa limepinda.

Kunyanyua kunahitaji jeki mbili za mafuta, za tani 5 kila moja. Chini ya jeki wekeni ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, la sivyo itazama ardhini badala ya kupandisha banda. Juu yake wekeni kipande cha chuma bapa ili isitoboe mbao. Inueni upande mmoja mfupi kwa milimita 25, jeki zote mbili kwa pamoja, pangeni vipande vya mbao vikikatana msalaba chini yake, kisha hamieni upande wa pili. Pande mbili zisiwe juu ya jeki kwa wakati mmoja, maana banda linaweza kuteleza na kuanguka. Na mtu asiingize hata mkono chini ya banda linaloshikwa na jeki peke yake.

Mwishowe mbao zinazobeba sakafu zinatakiwa ziwe sentimita 42 hivi kutoka ardhini. Hesabu ni hii: sentimita 15 za jamvi, 5 za ubao wa reli, 6 za bomba, 15 za boriti, na nafasi ndogo ya kupenyezea. Boriti ni mbili, za inchi 4 kwa 6, ndefu kuliko banda kwa sentimita 30 kila upande. Zipite kwa urefu wa banda, zikikatana na mbao za sakafu, kila moja sentimita 80 kutoka ukutani, na zifungwe kwa bolti. Ncha za mbele zichongwe kwa chini kama pua ya mtumbwi ili bomba liingie bila kugonga.

Reli ni mistari miwili ya mbao za inchi 2 kwa 8, chini ya boriti, kutoka lilipo banda hadi mwisho wa jamvi. Kwenye ardhi ziegemezwe kwa vipande vya sentimita 15 kila baada ya sentimita 60, ili reli yote iwe na usawa mmoja na uso wa jamvi. Zipite hata juu ya jamvi lenyewe; bomba likigonga ukingo wa zege litaumega.

Tafuteni mabomba manane ya maji ya inchi 2, ambayo kwa nje yana milimita 60, kila moja mita 3 ili lifike chini ya boriti zote mbili. Banda likienda mita 2, bomba linasogea mita 1 tu, kwa hiyo mabomba hutokea nyuma na mtu mmoja huyarudisha mbele. Banda likianza kwenda upande, msilisukume ukutani. Gongeni bomba la mbele kwa nyundo: ncha ya kushoto ikitangulia, banda linaelekea kulia. Kulirudisha kushoto, tangulizeni ncha ya kulia.

Kamba ifungwe kwenye boriti zote mbili, kamwe si kwenye ukuta. Msitumie gari, kwa sababu linavuta kwa mshtuko. Kamba ya pili iwe nyuma, imezungushwa kwenye kisiki au kigingi imara, ili banda likitaka kukimbia lizuiwe. Watu wote wasimame kando ya mstari wa kamba. Mmoja awe na kazi ya kutazama mwanya wa mlango tu: ukianza kuwa mpana juu na mwembamba chini, simamisheni, kwani chini kuna reli iliyozama.

Likifika, linyanyueni kidogo upande mmoja, toeni mabomba na reli, shusheni milimita 25 kwa zamu vilevile kama mlivyopanda. Boriti zibaki chini yake, juu ya karatasi ya kuzuia unyevu. Ongezeni mbili nyingine chini ya kuta ndefu na kuzikaza kwa kabari, kisha fungeni boriti kwenye zege kwa bolti za milimita 12. Banda tupu lenye paa pana ni jepesi mbele ya upepo.

SWALI: Je, niezue mabati kwanza ili kupunguza uzito?

JIBU: Hapana. Mabati ya paa la ukubwa huo hayafiki kilo 150, na yakiwa yamepigiliwa yanazishika kuta zisiyumbe. Paa la vigae ni jambo jingine. Hilo linaweza kupita tani moja, kwa hiyo vishusheni vyote.

SWALI: Jamvi la banda kama hilo linahitaji vifaa kiasi gani, na nisubiri siku ngapi?

JIBU: Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 2.4 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 16 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.1 na kokoto 2.1, juu ya mawe au changarawe iliyoshindiliwa sentimita 10 hadi 15. Mwagilia maji siku 7, na usilipandishie banda kabla ya siku 14. Jamvi lisizidi ukubwa wa banda. Likitokeza nje, mvua inayoshuka ukutani inatua juu yake na kuingia chini ya mbao, na ndipo uozo unapoanzia.

SWALI: Kiwanja changu kina mteremko. Naweza kutumia nguzo badala ya jamvi?

JIBU: Ndiyo, nguzo 12, mistari mitatu ya nguzo nne, umbali wa mita 2 kila upande, kila shimo likifika udongo mgumu na lisipungue sentimita 45. Ila msizijenge hadi juu kabla ya banda kufika, maana zitaziba njia. Wekeni vitako vya nguzo tu, leteni banda juu ya reli iliyonyooka, liacheni limekaa kwenye vipande vya mbao vilivyopangwa msalaba, kisha jengeni nguzo kutoka chini mpaka ziguse boriti mpya zinazopita juu ya kila mstari wa nguzo. Upande wa chini, rundo la mbao lisipande zaidi ya mara mbili ya upana wake. Mteremko ukidai zaidi ya hapo, kodini kreni.