Anza na Kasi ya Habari

Ukikusudia kuandika riwaya ya kisayansi ya vitabu vitano au zaidi, amua kwanza ujumbe unachukua muda gani kutoka sayari moja hadi nyingine. Majina ya wafalme na rangi ya anga vinaweza kusubiri.

Chukua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu. Mwanga hufika huko kwa miaka 4.2. Mama aliyeko Duniani akimuuliza mwanawe swali, jibu litamrudia baada ya miaka 8.4, tena ikiwa mwana amejibu papo hapo. Chombo kinachokwenda kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga kitachukua miaka 42. Kwa hesabu hiyo, gavana wa huko anatawala kwa amri zilizokwisha kuchacha, na jeshi la kumwadhibu litawakuta wajukuu zake. Dhamira ya utii na uasi imeshajileta yenyewe. Huhitaji mhusika wa kuihubiri.

Mambo huharibika baadaye, shujaa anapozingirwa na mwandishi akakosa namna ya kumwokoa. Ghafla chombo kinaongezewa kasi. Msomaji makini atauliza: mbona hakikukimbia hivyo wale wengine walipokufa katika kitabu cha kwanza? Ikiwa mtambo mpya hauepukiki, udokeze kitabu kimoja kabla, kisha uupe gharama itakayoendelea kuuma katika vitabu vinavyofuata.

Weka daftari. Kila kanuni uliyoitaja iandike pamoja na kitabu na sura yake (si ukurasa, maana kurasa huhama wakati wa uhariri). Andika pia umri wa kila mhusika mwanzoni mwa kila kitabu, kwani hapo ndipo wengi huumbuka. Mwaka wa Mirihi una siku 687 za Dunia, kwa hiyo mtoto wa "miaka kumi" kule ni kijana anayekaribia 19 kwa hesabu yetu. Chagua kalenda moja ya msimulizi, hata kama wahusika wanatumia tatu.

Kituo cha angani kinachojizungusha ili kuleta uzito nacho kina hesabu zake. Ili wakazi wahisi uzito wa Duniani kwa mizunguko 2 kwa dakika, nusu kipenyo chake kiwe mita 224 hivi. Ukikipunguza hadi mita 50, mizunguko inapita 4. Sawa, kiwe kidogo hivyo, lakini basi wageni wako watapike kwa kizunguzungu.