Antena kwanza, redio baadaye: kwa wanaoanza redio ya ridhaa Arusha na Moshi

Anayeanza redio ya ridhaa, yaani kuwasiliana hewani kwa kupenda na kujifunza, si kwa biashara, karibu kila mara hufika na swali moja: ninunue redio gani? Swali hilo lisubiri. Redio ya wati 100 iliyofungwa kwenye antena mbovu hushindwa na redio ya wati 10 yenye antena iliyokaa vizuri, na antena nzuri ya masafa ya chini ni waya wa nyumba tu, ule unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya umeme. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye waya, kebo na betri.

Kuhusu leseni, fika TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Wao ndio hutoa kibali pamoja na alama ya mwito, yaani jina lako la hewani, na alama za Tanzania huanza na 5H. Kabla ya kukipata kibali, kazi yako ni kusikiliza. Usibonyeze kitufe cha kurushia hata kwa sekunde moja ya kujaribu.

Kusikiliza ni somo kamili. Tafuta kipokezi chenye SSB (urushaji wa sauti kwa upande mmoja tu wa masafa), kiweke USB, yaani upande wa juu, kwenye 14.099 MHz, utasikia mlio wa bikoni, vituo vya kupimia mawimbi, zilizo kwenye 14.100. Hizi ni stesheni 18 zilizosambaa duniani, zinazopokezana kwa zamu za sekunde 10, hivyo mzunguko mzima huisha kwa dakika 3. Kati yake kuna 5Z4B ya Kenya, ZS6DN ya Afrika Kusini, 4S7B ya Sri Lanka na OH2B ya Finland. Si lazima zote ziwe hewani siku unayosikiliza. Kila moja hutuma alama yake kwa Morse, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Hesabu unaisikia mingapi. Siku utakayosikia mlio wa wati 1 ukitoka ng'ambo ya bahari, utaacha kuuliza kuhusu wati.

Usiposikia chochote ila mvumo, usilaumu anga kabla ya kuilaumu nyumba yako. Washa kipokezi kwa betri, kisha zima mein swichi ya nyumba nzima na utenganishe sola kama ipo. Mvumo ukishuka ghafla, adui yuko ndani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, na kile kidhibiti cha sola kinachochaji betri. Rudisha umeme, kisha chomeka kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Mvumo usiposhuka, jaribu kusogeza antena mbali na ukuta na nyaya za umeme za barabarani; hata mita 10 huleta tofauti.

Sasa waya. Antena ya kwanza ya kujenga ni dipoli, yaani waya wa pande mbili zilizo sawa, kebo ikifungwa katikati. Yetu ni ya mita 40, yaani ya 7 MHz; mita 40 ni urefu wa wimbi, si wa waya. Kanuni: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa 7.1 MHz inakuja mita 20.14, sawa na mita 10.07 kila upande. Lakini kanuni hiyo ni ya waya mtupu uliokaa mbali na kila kitu. Waya wa nyumba una ganda la plastiki, na ganda huchelewesha wimbi kidogo, hivyo urefu halisi huishia pungufu kwa asilimia 2 hadi 4. Paa la bati na miti ya jirani nayo huchangia. Ndiyo maana tunakata kwa ziada, tunapandisha, tunapima, ndipo tunarekebisha.

Nunua mita 22 za waya wa 1.5 (milimita za mraba). Kata vipande viwili vya mita 10.40, bila kuhesabu sehemu utakayofunga na kulehemu. Kipande cha bomba la plastiki la maji, sentimita 10 hivi, kinatosha kushikilia katikati. Toboa matundu na upitishe waya kwa namna ambayo mvuto unabebwa na bomba, si na lehemu. Vipande vifupi vya bomba hilohilo vinafungwa mwishoni, kisha kamba ya nailoni. Simamisha mlingoti wa mita 8 katikati na ushushe pande mbili kama paa la nyumba, ncha zikiwa mita 2.5 kutoka ardhini. Eneo linalohitajika ni kama mita 17 kwa urefu, na kamba zaidi kidogo. Usizishushe ncha chini ya hapo: wakati wa kurusha, ncha ndizo zenye volti kubwa, na mtoto au ng'ombe akizigusa ataungua.

Ukipima, tafuta masafa ambayo SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; nzuri iko karibu na 1) iko chini kabisa. Tuseme yamekuja 6.80 MHz. Chini ya lengo maana yake waya ni mrefu. Zidisha urefu ulionao kwa masafa uliyoyapata, gawa kwa masafa unayoyataka: 10.40 × 6.80 ÷ 7.10 = 9.96. Basi kila upande upungue sentimita 44. Usikate! Kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe na uisokote iubane, kisha pima tena. Aliyekata akazidisha hana njia ya kurudi ila kuunganisha, na kiungo cha nje ndicho kinachooza kwanza.

Kwenye miti, fahamu kwamba mgrevilea huyumba sana upepo ukivuma. Waya uliofungwa moja kwa moja kwenye shina utakatika usiku wa kwanza wa upepo. Weka kipande cha mpira wa tyubu kati ya kamba na mti ili uvutike. Kwenye kihamba cha Moshi, yaani shamba la nyumbani, usipitishe waya katikati ya migomba. Majani mabichi yaliyolowa yakiugusa, kipimo ulichokipata mchana kitakuwa kingine mvua ikinyesha.

Wapo watakaosema mita 8 ni chini mno. Kwa mita 40 ni chini kweli, na kwa sisi huo ni uzuri. Antena iliyo chini hivyo hurusha nguvu yake nyingi juu, na mchana tabaka la F, tabaka la juu la anga lenye chaji ya umeme, huirudisha chini kama mwavuli, ndani ya kilomita 400 hivi. Nairobi iko kama kilomita 235 kwa mstari ulionyooka kutoka Arusha, Dodoma kama 330. Zote zimo ndani ya mwavuli, na Mlima Meru hauzuii kitu kwa sababu wimbi linapita juu yake. Usiku ukisonga tabaka hilo hudhoofika, mawimbi yanayopanda wima hupenya yasirudi, na wenzako wa karibu hupotea huku wa mbali wakiingia. Hapo redio haijaharibika.

Kebo inayoshuka kutoka antena ndiyo mahali pesa na wati vinapopotelea kimya kimya. RG-58, ile nyembamba, kwa 7 MHz haina shida: mita 20 zinakula kama desibeli 1 (kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu). Kwa 145 MHz hali ni nyingine kabisa. Mita 30 za kebo hiyohiyo zinapoteza kama desibeli 6, maana yake wati 5 zikiingia, inayofika antena ni wati 1 na robo. Baya zaidi ni kwamba kipimo cha SWR kitakudanganya. Hata antena ikidondoka kabisa, nguvu inayorudi imepungua desibeli 6 kwenda na 6 kurudi, na mita itaonyesha SWR ya kama 1.7, namba ambayo mwanafunzi yeyote angeifurahia. Kwa hiyo SWR nzuri haithibitishi antena nzuri. Pima pale juu, mwanzoni mwa antena, angalau mara moja. Kwa VHF, yaani masafa kama haya ya 145 MHz, fupisha kebo au nunua iliyo nene zaidi.

Plagi za PL-259, zile za mwisho wa kebo, nazo zinahitaji uvumilivu. Kosa la kawaida ni kulehemu waya wa kati na kuacha wavu wa nje ukiwa umebanwa tu. Plagi itafanya kazi wiki mbili, kisha itaanza kukatika kila kebo inapoguswa. Kabla ya kufunga antena pima kwa multimita: kati kwa kati isome karibu sifuri, kati kwa wavu isisome kitu. Kiungo cha juu kizibwe maji kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ulionyooshwa na kuzungushwa, halafu selotepu ya umeme juu yake. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie, inakula shaba. Maji yakishaingia, wavu hugeuka mweusi, na kebo hiyo haifufuki.

Masika na vuli zina radi. Ukimaliza kutumia, chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba. Kuzima swichi ya redio hakuzuii chochote.

Umeme wa kuendeshea redio ni sura nyingine ambayo wengi huipita haraka. Redio ya wati 100 imetengenezwa kwa volti 13.8 na huvuta kama ampea 20 inaporusha. Betri ya gari ya N70 iliyojaa ina volti 12.6 hivi ikiwa imetulia. Sasa chukua waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 3. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6. Ukinzani wake ni kama omu 0.044, na kwa ampea 20 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Betri nayo hushuka ikibebeshwa mzigo. Redio inabaki na volti 11.4 au chini, wakati redio nyingi zinataka angalau 11.7. Dalili yake inatambulika: redio inapokea vizuri, ukianza kuongea kwa sauti inajizima na kuwaka tena, au wenzako wanasema sauti imekwaruza. Watu hupeleka redio kwa fundi kwa tatizo la waya. Tumia waya wa 6, upotevu unashuka hadi volti 0.37. Fyuzi ya ampea 25 ikae karibu kabisa na betri, si karibu na redio, kwa kuwa betri ndiyo itakayouchoma waya ukigusana.

Betri ikiwa haitoshi, punguza nguvu. Kutoka wati 100 hadi 25 ni desibeli 6, sawa na hatua moja tu kwenye kipimo cha S, yaani cha nguvu ya mawimbi, cha anayekusikia.

Kwa redio koli za 144–146 MHz, mlima ndio bwana. Masafa haya huenda karibu na mstari ulionyooka. Upeo wake kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita: antena ya mita 10 inaona kilomita 13, mbili za hivyo zinaonana kwa 26, kwenye ardhi tambarare. Ukiwa Arusha mjini, Longido iko nyuma ya Meru. Ukiwa Moshi, Rombo imefichwa na bega la Kilimanjaro. Kuelekea tambarare za Simanjiro mambo ni mazuri. Antena ya mpira iliyokuja na redio iweke pembeni ukiwa nyumbani. Tengeneza ya waya wa shaba wa 2.5: mmoja wima sentimita 49, minne ya sentimita 51 ikiinama nyuzi 45 kuelekea chini, yote juu ya soketi moja ya SO-239, ile inayoingia plagi ya PL-259. Ipandishe juu ya paa.

Redio koli nyingi za bei nafuu hufika 136 hadi 174 MHz. Uwezo huo si ruhusa. Kampuni za utalii, walinzi na huduma nyingine zina leseni zao humo, na gari la watalii lililokwama porini linategemea chaneli hiyo. Baki ndani ya 144–146. Masafa ya kuitana kwa FM ni 145.500.

Kwa SSB, chini ya 10 MHz tunatumia LSB, yaani upande wa chini, juu yake USB. Kumbuka namba unayoiona kwenye redio ni ukingo wa sauti yako, si katikati. USB kwenye 14.349 inajaza mpaka karibu 14.352, wakati bendi inaishia 14.350. Umeshatoka nje na hukujua.

Kutaja alama kuna mtego wa lugha yetu. Mwenzako akitaja A kwa Kiingereza, sikio la Mswahili husikia E. Akitaja E, tunaandika I. Akitaja I, tunaandika A. Alama nzima inaharibika na hakuna aliyekosea kutamka. Ndiyo sababu kila herufi ina neno lake la kimataifa, na tunasema Alfa, Echo, India, hata kama mawasiliano ni safi kabisa. Zikariri zote 26 kabla ya kuongea hewani.

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa UTC, na hapa saa ya Kiswahili inatusaidia. UTC ni saa ya dunia, nyuma ya yetu kwa saa 3. Toa 3 kwenye UTC, ikizidi 12 toa 12, ikifika sifuri au chini yake ongeza 12. Saa 0600 UTC ni saa 3 asubuhi. Saa 1800: 18 toa 3 ni 15, toa 12 ni saa 3 usiku. Kurudi, ongeza 3 kwa saa za mchana, na 15 kwa za usiku (saa 12 asubuhi ihesabu ya usiku, saa 12 jioni ya mchana). Ikifika 24 au kuvuka, toa 24. Kinachokosewa zaidi ni tarehe, kwa sababu siku ya UTC hugeuka saa 9 usiku kwetu. Mawasiliano ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumapili yaandikwe 2300 UTC, Jumamosi. Ukiandika Jumapili, rekodi yako na ya mwenzako hazitaoana, na kadi ya uthibitisho haitakuja.