Kazi yangu ya pili ilifanywa na mtoto wa dada yangu

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenipata nimetoka zamu, nimevua viatu tu, na badala ya kulala nimekaa hapa na simu naandika. Mmeuliza: je, mtu aliyeajiriwa anaweza kujijengea njia zingine za mapato bila kazi yake kuumia?

Mimi ni muuguzi hapa Kisumu, huu ni mwaka wa kumi na saba. Kazi yangu haijawahi kuumia, hilo nalijibu mara moja nilimalize. Sijawahi kuchelewa zamu hata siku moja kwa sababu ya kuku au mayai. Kitu hamkuuliza ni nani aliumia. Kwa sababu siku ni ile ile ya masaa ishirini na nne, mimi nikiwa wodini kutoka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi basi hiyo biashara ya kando ninayojivunia lazima kuna mtu ameishikilia, na huyo mtu kwa nyumba nyingi ninazozijua huku kwetu ni mke wa mtu, ni mama mzee kule nyumbani, ni msichana wa kazi, ni mtoto wa ndugu aliyekuja kukaa mjini. Halafu pesa ikiingia inaitwa pesa ya mwalimu, pesa ya sista, pesa ya afande.

Sikatai kwamba mshahara hautoshi. Fungua pesilipu uone: makato ya afya tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75, ya nyumba 1.5, NSSF ya uzeeni nayo imepanda, PAYE, kodi ya mapato, ndiyo hiyo, na ukiweka mkopo wa sacco unajikuta umebaki na ile theluthi moja ya mshahara ambayo kisheria hawaruhusiwi kuikata. Tuko na wenzetu wanaishi na hiyo theluthi mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo mtu akiniambia niridhike na mshahara naona huyo hajawahi kulipa fee mwezi wa Januari.

Lakini wacha niwaambie kuhusu kware.

Mnakumbuka ile 2013 kuingia 2014. Huku sisi tunawaita aluru, ndege ambao watoto kijijini waliwatega kwa vikapu vya kuning'iniza juu ya miti, hakuna aliyefikiria ni mali. Ghafla kila mtu anataka aluru. Yai moja dogo hivi, la madoadoa, likawa na bei kushinda la kuku, watu wakapanga laini kutafuta leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa sababu kisheria alihesabiwa ndege wa porini, na ofisini, kanisani, kwa matatu, habari ni hiyo tu. Ikasemwa yai lake linatibu presha, sukari, pumu. Mimi ni muuguzi. Wagonjwa waliniuliza pale pale kitandani kama waache dawa watumie mayai, nikawaambia wasiache dawa, hilo nililisema na nalishukuru, lakini sikuwaambia kwamba yai la kware ni chakula kama yai lingine lolote. Nilikuwa na mayai ya kuuza. Hilo sijawahi kuliandika mahali.

Nilichukua mkopo wa sacco elfu themanini, nikanunua mashine ya kuangua mayai, nikatengenezewa kizimba cha waya, leseni, chakula, na mayai 230 ya shilingi 60 kila moja kutoka kwa mwanaume mmoja pale soko la Kibuye siku ya Jumapili. Nilikuwa napanga Mamboleo, vyumba viwili. Mtoto wa dada yangu alikuwa amemaliza Form Four anasubiri matokeo, akaja kukaa na mimi. Sikumwajiri. Nilimwambia tu, utanisaidia kuangalia. Kuangalia maana yake kugeuza mayai 230 kwa mkono mara tatu kwa siku, kuongeza maji kwenye beseni la mashine, kuandika nyuzi kwenye daftari. Kware wanachukua siku 17 au 18 kuanguliwa, si 21 kama kuku, na joto linatakiwa likae kwenye nyuzi 37.5 hivi, likishuka sana kwa muda mrefu kifaranga anafia ndani ya ganda.

Siku ya kumi na nne niko zamu ya usiku. Saa tatu simu ikalia mfukoni, nikatoka nje ya wodi. "Anti, stima imepotea." Nikamuuliza ni nyumba yetu peke yake ama ni mtaa mzima, akasema mtaa mzima, kuna upepo mkali na mti umeangukia waya. Nikamwambia chemsha maji, jaza kwa chupa za soda, zifunge na leso, ziweke chini ya trei za mayai, angalia kipimajoto, kisishuke. Nikarudi ndani. Nilikuwa na wagonjwa ishirini na nane usiku huo na tulikuwa wawili. Saa sita nikapiga, akasema 36.5. Saa nane nikapiga, akasema makaa yameisha, ameenda kugonga kwa jirani, yule mama anayekaanga omena karibu na stage, amempa nusu debe. Nikasema sawa, vizuri. Nakumbuka nilifurahi. Nilikata simu nikiwa na furaha kwamba mtoto ana akili.

Asubuhi nikashika matatu nikafika kama saa mbili. Mlango umefungwa. Nikafungua na ufunguo wangu na joto la ile nyumba likanipiga usoni. Dirisha amelifunga na juu yake amebandika leso na misumari, ili joto la jiko lisitoke, lisaidie mayai. Jiko liko katikati ya chumba, sufuria juu, makaa bado mekundu. Chupa zimepangwa sakafuni, zingine zimekunjamana kwa maji moto. Daftari liko wazi na kila baada ya dakika arobaini ameandika, saa na nyuzi, saa na nyuzi, mwandiko unaanza umenyooka na ukifika saa kumi umelala upande.

Nikapiga magoti mbele ya mashine. Nikasoma kipimajoto, 36.8. Nikauliza, "Mayai yako sawa?"

Hapo ndipo nilipogeuka kumwangalia. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, midomo imekauka, akasema, "Kichwa kinaniuma Anti, lakini haijashuka thelathini na sita." Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Alikuwa ametapika kwenye beseni akalifunika na kitambaa nisione.

Mimi nimepokea watu wa moshi wa jiko wodini. Familia imefunga dirisha usiku, wanaletwa wakiwa hawajui waliko, wengine hawafiki. Ile hewa haina rangi, haina harufu, mtu anadhani ni usingizi. Ninajua dalili zake zote kwa moyo, kichwa, kutapika, miguu kuisha nguvu, na nilikuwa nimezipita zote nikaenda kusoma kipimajoto cha mayai. Nilimbeba nikamtoa nje, msichana wa miaka kumi na tisa, nikamlaza kwenye mkeka chini ya mwembe, nikafungua kila kitu, nikabaki namshika mpigo wa mkono mpaka mchana. Sikumpeleka hospitali kwa sababu alipata nafuu haraka, na pia, naandika ukweli, kwa sababu niliona haya kuwaeleza wenzangu. Nilipaswa kumpeleka. Mgonjwa wangu mwingine yeyote ningemwambia aende.

Stima ilirudi saa saba. Vifaranga 148 walianguliwa, na kila mtu aliyekuja kuona alinipongeza mimi.

Mwisho wa hao kware mnaujua. Walianza kutaga kama wiki ya saba, na wakati huo bei ilikuwa imeshakufa. Shida haikuwa ndege. Sisi wote tulikuwa tunauziana mayai ya kuangua, mfugaji anamuuzia mfugaji mpya, na huyo naye anatafuta mwingine, hakuna aliyekuwa ananunua ili ale. Wapya walipoisha soko likaisha. Yai nililonunua shilingi 60 nikaliuza 5, halafu nikawa nagawia majirani. Mkopo niliulipa mpaka 2016 kutoka kwa pesilipu ile ile.

Sasa nilipoanza kuandika nilitaka jibu langu liwe hapana. Nilitaka kuwaambia wasomaji kwamba ukiwa na kazi moja inayokutosha kuchoka, kazi ya pili unamtwika mtu mwingine, na huyo mtu mara nyingi hana uwezo wa kukataa. Bado naamini hivyo. Lakini nikiandika nimekumbuka 2017 na siwezi kuiacha nje.

Baada ya kware ni yule mtoto, si mimi, aliyeuza kizimba na ndege waliobaki akanunua kuku thelathini, kienyeji wa kuboreshwa. Hakuniomba ruhusa sana. Aliwafuga wakati wa likizo za chuo, wikendi akawa anakuja, na kuku wakafika 180. Kwenye ile fomu ya kutangaza mali tunayojaza sisi watumishi wa umma kila baada ya miaka miwili, 2015 niliandika ufugaji wa kuku kama mapato yangu. Langu mimi. Hakuna mstari wa mtoto wa dada hapo, lakini hata ungekuwepo sijui kama ningeujaza. Halafu ukaja mgomo wetu wa wauguzi, Juni 2017 mpaka mwanzo wa Novemba, miezi mitano, na mshahara ukasimama. Wenzangu walirudi kijijini, wengine waliuza viti vya nyumba. Sisi tulikula kuku wale. Trei tatu za mayai kwa siku, siku zingine nne, zililipa nyumba, zikalipa unga, fee ya muhula wa tatu zikalipa nusu na mwalimu mkuu akatuvumilia. Siwezi kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema mapato ya pili ni ujinga wakati nilikula kutoka kwayo.

Na ni katika ule mgomo, nikiwa nyumbani mchana kutwa, ndipo nilijua ile kazi ni kazi gani. Kuamka saa kumi na moja, maji, kinyesi, kuku mmoja amenuna unamtenga, mtu wa hoteli anataka deni mpaka Ijumaa. Wiki ya pili nikamwita nikamwambia tugawane nusu kwa nusu kuanzia leo. Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Na za miaka mitatu, Anti?" Tulihesabu. Nilimlipa polepole, nilimaliza 2019.

Kwa hivyo jibu langu, fanyeni, ndiyo. Nimebadilika hapa hapa nikiandika. Lakini ukiwa unamtegemea mtu, mwambie ni kazi na mtaje bei kabla ya ndege wa kwanza kuingia, hata kama ni mama yako, hasa kama ni mama yako. Ukikopa na pesilipu imekaribia ile theluthi, ngoja kwanza. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo na mko wawili tu wote mmeajiriwa, mimi sioni vile mtafanya, labda mmoja wenu anajua njia ambayo siijui. Sisi sasa tuna kijana analipwa kila tarehe tano na tumemsajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa sababu mtoto wa dada naye ameajiriwa, anafundisha, na tulikataa kumtafutia mtoto mwingine wa ndugu. Faida imepungua. Kuna miezi tunabaki na kitu kidogo sana.

Nimemsomea haya yote kwa simu kabla ya kutuma, ili akikataa nisitume. Amekubali, ila amenirekebisha kwamba makaa yaliisha saa tisa, si saa nane, na kwamba yule mama wa omena hatujawahi kumrudishia ile nusu debe. Alihama Mamboleo mwaka huo huo. Alikuwa na jiko kubwa la udongo pale stage, mkono wa kushoto ukitoka mjini, na alikuwa anafunga mapema Jumatano kwa sababu ya kanisa. Kama kuna msomaji anamjua, mwambieni kuna mtu anamtafuta, ana deni lake la makaa.