Anayehama Dar es Salaam aanze na maji

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayetaka kuhama Dar es Salaam akanunue nyumba katika mji wa ukubwa wa kati, achague upi, na kwa nini? Jibu langu ni Morogoro kwa walio wengi, Dodoma kwa mwenye ajira ya serikali, na Tanga kwa mstaafu asiye na safari za kila mara. Ila jina la mji ni sehemu ndogo ya jibu. Watu huanza na hali ya hewa na bei, mambo mawili ambayo dalali yeyote anajua kuyapamba, kisha wanajikuta na nyumba isiyo na maji au isiyo na hati.

Tuanze na maji. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 760,000, baada ya serikali kuanza kuhamia kwa kasi tangu 2016. Mgao hauepukiki, na hauko sawa mtaa kwa mtaa. Ukifika mtaa unaoutaka, tazama juu ya kuta za nyumba. Kila nyumba ikiwa na simtanki moja kwenye mnara na nyingine chini yenye pampu, wenyeji wamekwisha kukujibu.

Kisha mwombe muuzaji ankara za maji za miezi 6 iliyopita. Uniti moja ni lita 1,000. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, humaliza uniti 15 kwa mwezi. Ankara ikionyesha uniti 4 au 5 na nyumba ina watu 5, maji hayafiki, au yanafika usiku wa manane mara moja kwa wiki na pengo linazibwa na maboza. Hapo fanya hesabu yako: lita 500 kwa siku mara siku 7 za mgao ni lita 3,500, kwa hiyo simtanki ya lita 5,000 ndiyo ya kuanzia. Paa la mita za mraba 120 kwa mvua ya Dodoma huweza kukusanya kama lita 54,000 kwa mwaka, ukitoa sehemu moja ya tano hivi inayopotea kwenye gata na kwenye maji ya kwanza ya kuoshea bati. Hayo ni matumizi ya zaidi ya miezi mitatu, lakini yanahitaji tangi la chini la zege, nalo liingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kisima cha kuchimba kisikutie moyo kabla ya kupima maji, maana sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, na chumvi hula hita, koki na mabomba ya chuma. Kuchimba kwenyewe kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde.

Morogoro ina bwawa la Mindu na vijito vya Uluguru, na hapo ndipo inapoishinda Dodoma. Lakini usidhani milima ikionekana dirishani basi bomba linatoka. Mitaa inayokua haraka kama Mkundi na Lukobe usiihesabu kuwa na maji mpaka uone ankara.

Jambo la pili ni safari ya kurudi Dar, kwa sababu anayehama huacha huko wateja, watoto chuoni, wazazi, au daktari wake. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huohuo. Nauli za daraja la kawaida zilipoanza zilikuwa sh. 13,000 na sh. 31,000. Kwa kwenda na kurudi mara moja kwa wiki, hesabu hiyo inakupa sh. 104,000 kwa mwezi ukiwa Morogoro na sh. 248,000 ukiwa Dodoma. Morogoro ni chini ya saa mbili kwa treni ya haraka, hivyo mtu anaweza kwenda Muhimbili asubuhi akalala kwake. Stesheni iko Kihonda, si katikati ya mji. Nyumba ya Kihonda au Mazimbu inakuokolea gharama ya bodaboda ambayo nyumba ya Bigwa haikuokolei.

Iringa ni mji mzuri, baridi yake ya Juni hadi Agosti ni ya kweli, na watu wake kama 200,000 hawajaujaza. Tatizo ni mlima Kitonga kwenye barabara ya Dar. Lori moja likiharibika kwenye kona zile, kila aliye nyuma yake anasubiri. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda na uwanja wa ndege wa Songwe, lakini kwa anayerudi Dar kila mwezi nauli ya ndege itakula akiba yote aliyoipata kwenye bei ya nyumba. Moshi ina hospitali ya KCMC, na kwa mgonjwa wa muda mrefu hilo peke yake linatosha kuichagua. Ila ardhi ni finyu na vihamba, yaani mashamba ya urithi ya ukoo, haviuzwi kirahisi, wala si vizuri kumshawishi mtu mmoja wa ukoo akuuzie. Tanga ina hospitali ya Bombo, ina bahari, na bei ambazo Dar zimesahaulika. Hewa ya chumvi nayo ina gharama yake, nitairudia.

Sasa karatasi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwani ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Nyumba za kuuza huja na moja ya karatasi nne: hati miliki, barua ya toleo ambayo wengi tunaiita ofa, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa. Hii ya mwisho ndiyo inayozagaa zaidi na ndiyo yenye bei ya kuvutia. Mhuri wa mwenyekiti unashuhudia tu kwamba watu wawili waliuziana mbele yake. Hautoi umiliki, na haumzuii muuzaji kumuuzia mwingine kesho kwa mhuri uleule. Pembezoni mwa miji hii kuna pia ardhi ya kijiji, ambayo haiwi yako bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Na mji ukifika huko na upimaji ukaanza, sehemu ya eneo lako itakwenda kwenye barabara.

Hata hati yenyewe isomwe. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031, na muuzaji hana sababu ya kukukumbusha. Kwa Dodoma kuna jambo la ziada. Mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja, CDA, ilivunjwa 2017, na mikataba yake ya miaka 33 ikatakiwa kubadilishwa kuwa hati za miaka 99. Ukionyeshwa karatasi ya CDA leo, uliza kwa nini haikubadilishwa. Mara nyingi jibu ni uzembe, lakini mara nyingine ni kiwanja kimoja chenye wenyewe wawili.

Chukua nakala ya hati uende nayo ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, uombe upekuzi rasmi. Utapata jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mtu mwingine. Majibu hayo yanaeleza hali ya siku yalipotolewa tu. Rudia upekuzi siku ile unayolipa fedha kubwa, kwa sababu zuio au rehani huweza kusajiliwa kati ya mazungumzo na malipo.

Upekuzi ukiwa safi, mlete mpimaji mwenye leseni pamoja na ramani ya upimaji, atafute bikoni zote. Bikoni ni kiguzo kifupi cha zege chenye chuma katikati na namba yake, mara nyingi kimefukiwa na mchanga au kimefichwa na ua wa michongoma, kwa hiyo njooni na jembe. Namba ikipishana na ile ya ramani, simama hapohapo. Makosa yanayojirudia ni ukuta uliojengwa nje ya mpaka, choo na karo la maji taka kwenye kiwanja cha jirani, na nyumba nzuri kabisa iliyosimama juu ya namba nyingine. Pima pia umbali kutoka mtoni, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60, na Morogoro ina mto unaopita katikati ya mji na Ngerengere pembeni. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukuta wa mbele wa nyumba ya barabarani ukiwa umepakwa rangi mpya peke yake, ilhali kuta nyingine zimepauka, ukwangue kidogo uone kama chini yake hakuna alama ya X nyekundu ya kubomolewa.

Ridhaa ya mwenza isiachwe, hata kama hati ina jina moja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda mume au mke ili nyumba ya familia isiuzwe bila yeye kukubali, na mauzo yaliyopita bila yeye huweza kupingwa. Kama mmiliki amefariki, wa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na jina lake kuingizwa kwenye daftari la hati. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi, hata ukiwa na sahihi ishirini.

Kuhusu nyumba yenyewe, tazama udongo kabla ya vigae. Udongo mweusi wa mbuga hufura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, ukiinua na kushusha msingi kila mwaka. Dalili yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kona za madirisha na milango. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa unaopita milimita 5, unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, ni wa msingi, na plasta mpya itauficha kwa msimu mmoja tu. Chimba kishimo cha mita moja nje ya ukuta. Ukikuta weusi hadi chini na msingi umeishia humohumo, nyumba hiyo inanunuliwa kwa bei ya kiwanja au hununui. Dodoma gonga pia mbao za paa kuangalia mchwa. Tanga tazama nguzo za baraza: zege likimeguka na nondo kuonekana nyekundu, chumvi imeshaingia, na bati lililofanya kutu kwenye misumari litabadilishwa lote.

Pagale linahitaji onyo lake. Wengi hudhani boma lililofika kwenye lenta ni nusu ya nyumba. Bado kuna paa, umeme, mabomba, plasta, sakafu, madirisha, milango, karo na uzio, na hivyo ndivyo vinavyokula pesa. Kwaruza tofali kwa msumari. Likimwagika unga, mfuko mmoja wa saruji ulitoa matofali mengi kupita kiasi, na mvua zilizolipiga miaka kadhaa bila plasta zimemalizia kazi.

Bei ikikubalika, mkataba uandikwe na wakili na utaje nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Yatahitajika ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, cheti cha kodi kutoka TRA, na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Fedha zipite benki na zigawanywe: sehemu wakati wa kusaini, sehemu nyaraka zikipokelewa ofisi ya ardhi, na sehemu ya kueleweka ibaki mpaka hati itoke kwa jina lako. Muuzaji aliyelipwa zote siku ya kwanza hapokei tena simu anapotakiwa kwenda TRA.

Kabla ya yote hayo, panga kwanza katika mtaa huohuo kwa miezi 6. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo hata hivyo. Kwa Dodoma ingia Septemba utoke mwishoni mwa Februari, ili uone mwisho wa kiangazi wakati maji ni haba na pia mvua kubwa. Kwa Morogoro ingia Februari uvuke masika yote.

Hati ikitoka, badilisha siku hizohizo jina la akaunti ya maji na la mita ya LUKU. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na deni hufuata mita, si mtu. Kabla ya malipo ya mwisho nunua umeme wa sh. 5,000 kwa namba ya mita hiyo, uone uniti ngapi zinaingia na kiasi gani kinakwenda kwenye deni. Omba pia stakabadhi ya pango la ardhi la mwaka huu, maana lisipolipwa linalimbikiza riba, na ofisi ya ardhi haitaidhinisha uhamisho hadi liishe.