Kabla hujaanza kujumlisha: kwa wanaoingia kwenye mapitio ya kimfumo

Wengi wanaoanza mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, huniuliza kwanza programu gani ni nzuri kwa metaanalisisi, ile hesabu ya kuunganisha matokeo ya tafiti hizo. Tumia R, ni ya bure na inamudu yote. Lakini hilo ni swali la mwishoni kabisa. Ukiwa na data safi, hesabu yenyewe unaimaliza mchana mmoja. Kinachokula miezi, na kinachoharibu kazi za watu, kiko huko nyuma.

Anza na swali. "Ufanisi wa dawa za malaria Afrika" si swali, ni maktaba nzima. "Je, kwa watoto waliolazwa na malaria kali, artesunate ya sindano inapunguza vifo kuliko kwinini?" Hapo sasa tunaongea: mgonjwa anajulikana, tiba inajulikana, inalinganishwa na nini na tunapima nini. Pita PROSPERO, rejista ya mtandaoni ya mapitio kama haya, uone kama kuna mwenzako tayari yuko njiani na swali hilohilo. Kama hayupo, andika itifaki yako, yaani mpango wa kazi, uisajili kabla hujagusa data. Ukisajili baada ya kuona matokeo, msomaji makini atakutilia shaka, na atakuwa na haki.

Kwenye kutafuta ndipo sisi wa huku tuna faida ambayo hatuitumii. Mtu anaandika jina la nchi, tuseme "Tanzania", kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba, anadhani amemaliza. Ikisiri nyingi, zile muhtasari za mwanzo wa makala, hazitaji nchi. Zinataja Muheza, Ifakara, Kilifi au Rakai, basi. Zanzibar mara nyingi husimama peke yake. Ukitafuta tafiti za Kongo za kati ya 1971 na 1997 bila kuweka neno "Zaire", umezikosa. Na za Kongo na Burundi zimo nyingi za Kifaransa. Ukiweka kigezo cha "Kiingereza tu" kwa sababu ya uvivu, sema hivyo kwenye ripoti bila kuzungusha maneno. Ongeza kanzidata za Embase, CENTRAL na African Index Medicus, kisha keti na mkutubi wa chuo chako. Wakutubi wetu wanajua kanzidata hizi kuliko maprofesa wengi, ila hatuwaendei mpaka mambo yaharibike.

Kuchuja tafiti mlizozipata ni kazi ya watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuchungulia uamuzi wa mwenzake. Rayyan, programu ya kuchujia, inaficha kura zenu mpaka mtakapozifungua. Jaribuni kwanza na ikisiri chache, mkae mzungumze mlipotofautiana. Mkiona mnagombana sana, vigezo vyenu vina ukungu. Virekebisheni mapema, kabla hamjafika ikisiri ya elfu mbili.

Sasa uchotaji wa data. Hapa nitakaa kidogo. Tuseme jedwali linasema hemoglobini ya watoto 100 ilikuwa 10.2 ± 0.15. Hiyo 0.15 ni nini? Ikiwa ni mchepuko sanifu, yaani jinsi watoto wanavyotofautiana, maana yake karibu watoto wote walikuwa kati ya 9.9 na 10.5, jambo ambalo hakuna wodi ya watoto iliyowahi kuliona. Hilo ni kosa sanifu la wastani, yaani jinsi wastani wenyewe unavyoweza kukosea. Lizidishe kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, upate mchepuko wa 1.5. Ukiingiza 0.15 jinsi ilivyo, utafiti huo unaonekana sahihi kupita kiasi, na kwa kuwa uzito hutokana na kinyume cha varianzi (kosa sanifu likizidishwa kwa lenyewe), unapata uzito mara 100 ya unaostahili na kuzimeza tafiti zingine zote. Programu haitakushtua. Itachora mchoro mzuri tu.

Mtego wa pili ni utafiti mmoja kuvaa nguo mbili. Mwaka 1997 Tramèr na wenzake walionyesha kuwa data za dawa ya kuzuia kutapika, ondansetron, zilichapishwa zaidi ya mara moja bila kusemwa wazi, na kuzihesabu mara mbili kulikuza ufanisi wake kwa asilimia 23. Kwa hiyo linganisha hospitali, tarehe za kuandikisha wagonjwa, idadi yao na namba ya usajili wa jaribio. Majina ya waandishi hayatoshi, hubadilishwa mpangilio.

Ukishapata ile almasi chini ya mchoro, yaani alama ya matokeo ya tafiti zote kwa pamoja, jiulize nani ameibeba. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaoandaa mapitio ya kimfumo, kuhusu artesunate na kwinini yalikuwa na majaribio 8, watu wazima 1,664 na watoto 5,765, na waandishi waliwatenganisha makundi hayo. Kati ya watoto hao, 5,425 walitoka jaribio moja, AQUAMAT, lililofanyika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa watoto, basi, almasi ile ni AQUAMAT kwa sehemu kubwa. Si dosari, ila msomaji anatakiwa kuambiwa. Ndiyo maana pia siipendi tabia ya kutaja I², kipimo cha jinsi matokeo ya tafiti yanavyotofautiana kupita bahati tu, peke yake kana kwamba ni cheti: jaribio moja likishabeba karibu kila kitu, namba hiyo haina mengi ya kukueleza.

Matokeo yaandike kwa lugha ya wodi. Katika AQUAMAT walikufa asilimia 8.5 ya watoto wa artesunate na 10.9 ya wale wa kwinini, yaani vifo 24 pungufu kwa kila watoto 1,000. Mganga mkuu wa wilaya ataielewa hiyo kuliko uwiano wa hatari. Na usiache yasiyopendeza: mapitio yale yalionyesha kuwa watoto wa artesunate walikuwa na matatizo zaidi ya mishipa ya fahamu siku ya kuruhusiwa, ingawa mengi yalipotea walipofuatiliwa baadaye. Ukichukua kipimo cha siku moja tu ukaacha cha pili, utakuwa umeandika habari nyingine.